Springi za Njia ya Itiso

Mwaka ule mvua ilipoikataa kabisa nchi ya Wagogo, Sostenes alikuwa dereva wa Landrova ya Bwana Dhirajlal, mfanyabiashara wa nafaka mwenye duka karibu na stesheni ya Dodoma. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyesikia vizuri sikio la kushoto tangu aliporudi kutoka vita vya Burma, ambako Waingereza walimfundisha kuendesha malori kwenye matope. Baada ya vita aliendesha trekta kwenye mashamba ya karanga ya Kongwa. Mashamba yale yalipokufa, akahamia mjini, akapanga vyumba viwili mtaa wa Kikuyu na mkewe Emilia. Hakuwa mtu wa haraka. Abiria wengine walimcheka, wakasema Sostenes anaendesha kama anayechunga ng'ombe. Naye hakuona ubaya wowote katika kuchunga ng'ombe.

Uwele uliota ukafika magotini, ukanyauka. Waliopanda mara ya pili walipoteza mbegu. Ng'ombe wakaanza kulala chini na kushindwa kuinuka, na wenyewe wakawachinja kabla hawajafa, nyama ikawa nyingi kwa juma moja, kisha ikawa haipo. Kufikia majira ya upepo watu wa vijijini walikuwa wanachimba mizizi, na wengine walilowanisha ngozi walizozilalia, wakazichemsha. Wanaume walitembea hadi Mpwapwa na Kondoa kutafuta cha kubadilisha na shanga za wake zao. Baadhi yao hawakurudi.

Serikali ikaleta mahindi kwa treni. Malori yaliyapeleka kule yalikoweza kufika, lakini njia ya Itiso ilikuwa na makorongo ya mchanga ambayo yalimeza magurudumu ya lori mpaka kwenye ekseli. Huko ilipelekwa Landrova. Kila juma Sostenes alipakia magunia mjini, akavuka makorongo, akashusha mzigo katika vijiji vya mbele ya Itiso, na cha mwisho kabisa kilikuwa Chihembe, alikozaliwa yeye mwenyewe. Wazazi wake walikwisha kufa. Aliyebaki pale ni dada yake mdogo, Hana, na mumewe Elieza. Ndoa yao ilikuwa na miaka sita bila mtoto, na sasa, katika mwaka huu mbaya kuliko yote, Hana alikuwa mjamzito.

Gari halikurudi tupu. Hospitali ya mjini ilikuwa imemwomba Bwana Dhirajlal nafasi ya kumpeleka nesi, naye Dhirajlal akakubali bila maneno mengi. Hivyo Sostenes alisafiri na Anyesi, mwanamke wa makamo aliyesomea ukunga misheni, mnene kiasi, mkali wa sauti. Yeye aliwatazama wagonjwa huku mahindi yakishushwa. Wale ambao dawa za mkobani hazikuwatosha, waliwekwa nyuma ya gari juu ya magunia matupu, wakashushwa mjini.

Safari moja, wakati wa kurudi, kwenye miamba kabla ya korongo la kwanza, kulitokea mlio kama wa bunduki, na gari likainama upande wa nyuma kushoto kama mbuzi aliyevunjika mguu. Sostenes hakuhitaji kuchungulia. Springi za gari lile zilikuwa za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa katikati kwa bolti, na gari linapokanyaga shimo, majani hayo hunyooka kisha hurudi kupinda. Jani kuu lilikuwa limekatika, na mengine matatu pamoja nalo. Upande wa kulia nao ulikuwa umechoka, umelala bapa kama rula. Nyuma alikuwamo mzee mmoja wa Hombolo aliyevunjika paja. Sostenes alikata gogo la mpera-pori, akalikaza kwa kamba kati ya ekseli na chesisi ili gari lisiburuze tumbo, wakarudi mjini hivyo hivyo, chuma juu ya mti, mti juu ya chuma. Kila jiwe la barabarani lilipita moja kwa moja kwenye paja la yule mzee. Kwanza alipiga kelele. Halafu akawa analia kimya kimya, kama mtu anayeona aibu. Mwishowe hakutoa sauti yoyote, ingawa alikuwa hai. Alifia hospitali baada ya siku chache.

Springi mpya zilipaswa kutoka Uingereza kwa meli, na wakala wa Dar es Salaam hakuweza kusema ni lini. Sostenes akamwambia tajiri wake kwamba Kongwa kumejaa mabaki ya magari, ya jeshi na ya karanga, na kwamba akienda mwenyewe hatakosa.

"Nenda," alisema Dhirajlal. Alikuwa amekaa mlangoni pa duka, na uso wake ulikuwa umepungua kama nyuso za watu wote mwaka ule, kwa sababu nyuma ya nyumba mkewe Usha aligawa uji kila asubuhi, na watu waliokuja wakazidi uji. "Sikiliza, Sostenes. Zile za zamani zilibeba magunia matano, na hata hayo yalikuwa mengi. Ukipata nzito, tutapeleka nane. Watu kule mbele wanagawana gunia moja kijiji kizima."

"Nzito zina taabu yake, Bwana. Gari likiwa tupu litaruka."

"Mimi ninauza nafaka, sijui springi. Utachagua wewe. Ndiwe unayelala njiani nalo."

Anyesi alimkuta anafunga mkoba wake. Alikuwa amesikia.

"Sostenes, usilete chuma cha lori ukaniwekea chini ya wagonjwa," alisema. "Nimekaa na yule mzee mpaka alipokata roho. Sitaki kusikia tena sauti ile."

"Na mahindi, mama?"

"Mahindi hayana mifupa."

Sostenes akakaza kamba ya mkoba. Aliondoka na lori lililokuwa linakwenda upande huo, na njia nzima alikaa juu ya shehena akiwaza.

Kongwa alikuta ukiwa alioujua. Matrekta yalikuwa yamepangwa katika mistari, miti ya miiba imeota katikati ya vyuma vyake. Mlinzi wa pale, aliyemfahamu tangu siku za kazi, akamwachia azunguke. Alitumia siku nzima kutafuta. Springi nyingi hazikufaa kwa urefu, kwa sababu ikizidi kati ya tundu na tundu haiwezi kuingia, na ikipungua itaivuta ekseli. Nyingine zilionekana nzima mpaka alipozigonga kwa nyundo. Jani zima hulia kama kengele ndogo; lenye ufa hutoa mlio wa chungu kilichopasuka, hata kama ufa hauonekani. Aliligeuzia sikio lake la kulia kila jani. Hatimaye zilibaki jozi mbili, akazilaza kwenye vumbi, moja huku, moja kule.

Jozi ya kwanza ilitoka kwenye Landrova kama ya kwao, iliyopinduka ikiwa bado changa. Majani yake yalikuwa membamba, yamepinda vizuri, pande zote mbili sawasawa. Alipoweka springi moja juu ya magogo mawili na kusimama katikati, ilishuka chini yake taratibu, ikampandisha tena. Mgonjwa angeweza kusinzia juu ya springi hizo. Lakini ukizipakia magunia manane zingelala, na safari ya pili zingekatika.

Jozi ya pili ilitoka kwenye gari la jeshi lililokuwa likivuta tangi la maji. Urefu ulikaribiana kabisa; vishikio vyake tu ndivyo vilivyotaka kubadilishwa. Majani yalikuwa mengi zaidi na kila moja nene kama kidole gumba cha mtu mzima. Alisimama juu yake, akaruka, akaruka tena. Hazikumjua.

Alikaa chini kati ya jozi hizo mbili. Mlinzi akamletea maji ya kunywa, akamuuliza kama amepata.

"Nimepata zote mbili," alisema Sostenes. "Ndiyo shida."

"Chukua zote, bwana. Nani anazihesabu hapa?"

"Gari lina nafasi ya jozi moja. Kuzifungua na kuzifunga ni kazi ya siku nzima, na gari likilala siku nzima kuna kijiji hakijala."

Aliwaza kuhusu yule mzee wa Hombolo. Kisha akawaza kuhusu Chihembe, ambako safari iliyopita wanawake walifagia ardhi mahali gunia liliposhushwa, wakapepeta mchanga ili wapate punje. Wagonjwa aliowashusha kila safari walikuwa wawili au watatu. Waliokuwa wakisubiri gunia walikuwa mamia. Alifikiri pia kwamba wengi wa wagonjwa wenyewe waliumwa njaa, si kitu kingine. Hesabu ile ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ulimtia hofu. Alinyanyua springi nzito, akaziviringisha kwenye gunia, akarudi nazo Dodoma. Alipomwonyesha Anyesi, yule nesi alitazama unene wa majani yale, akaguna, akaenda kuomba hospitali magodoro mawili ya nyasi.

Basi gari likawa linapanda na magunia manane. Likiwa limejaa lilikwenda vizuri kuliko siku zote, limetulia, limekaa chini. Chihembe wakaanza kupika uji mara mbili kwa siku. Watoto walioacha kucheza wakaonekana tena nje ya nyumba zao za tembe. Lakini safari ya kurudi, gari likiwa tupu, kila kijiwe kiliwarusha, na Anyesi alikuwa akikaa sakafuni nyuma, amemkumbatia mgonjwa kwa mikono yote miwili, akipokea mapigo kwa mgongo wake mwenyewe. Hakulalamika tena. Mara moja tu, waliposhuka, alimwambia Sostenes, "Leo sijui kama nitaweza kunyanyua ndoo."

Ilipita miezi miwili hivyo. Halafu asubuhi moja walipofika Chihembe, Elieza hakuwa miongoni mwa wanaume waliokuja kushusha magunia. Alikuja baadaye, anakimbia, hana viatu.

"Shemeji, tangu juzi," alisema. "Tangu juzi usiku anasukuma. Mkono wa mtoto umetoka."

Anyesi alikwisha kushika mkoba. Aliingia ndani ya tembe, na Sostenes akabaki nje na Elieza, wakisikiliza. Sauti ya dada yake aliijua tangu utoto, sauti ya kucheka kwa nguvu, lakini hii hakuitambua. Anyesi alitoka akiwa na damu mpaka viwikoni.

"Mtoto amelala mkingamo. Siwezi kumgeuza, nikimlazimisha nitampasua mama. Anahitaji kisu cha daktari. Leo, si kesho."

Sostenes alitazama gari. Watu walikuwa wanashusha gunia la mwisho, na kila gunia lilipotoka aliona sehemu ya nyuma ikiinuka, ikiinuka, mpaka springi zikakaa juu kabisa, ngumu kama ukuta. Ndipo akapata wazo. Springi hizi zilihitaji mzigo ili zilegee. Likiwa na mzigo, gari lilikuwa pole.

"Jazeni mchanga!" alipaza sauti. "Magunia yale matupu, jazeni mchanga, yarudisheni ndani!"

Walidhani amerukwa na akili. Lakini Elieza alielewa, akachukua jembe, na wale watu wa Chihembe, ambao wengi wao hawakuwa na nguvu ya kuinua jembe miezi miwili kabla, walichimba na kujaza, wakabeba wawili wawili, wakapanga mpaka gari likakaa chini. Juu ya mchanga wakatandika magodoro, Elieza akapanda, na juu ya magodoro wakamlaza Hana. Alikuwa na macho makubwa. Alimwona kaka yake, akasema, "Kaka, uendeshe kama unavyochekwa."

Aliendesha hivyo. Katika miamba yote ya Itiso gari lilipita likiyumba kidogo tu, na mara mbili Anyesi alimwambia kwa sauti ya upole, ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Vizuri. Endelea hivyo hivyo." Jua lilikuwa halijafika utosini. Sostenes akaanza kuamini.

Korongo la kwanza lilikuwa pana, mchanga wake mlaini na mkavu kama majivu. Siku zote alilivuka kwenda akiwa na mzigo, lakini upande wa kwenda ulikuwa na mteremko uliompa kasi. Upande wa kurudi ulikuwa ukingo wa kupanda. Alijua. Alikuwa amejua tangu Chihembe, ila alitumaini. Gari liliingia, likafika katikati, likaanza kuzama. Alibadilisha gia, magurudumu yakazunguka bure, na mchanga ukafika kwenye ekseli.

Yeye na Elieza walichimba kwa mikono. Walikata matawi, wakayatandika chini ya magurudumu. Gari lilisogea hatua mbili, likazama tena. Mwishowe Elieza akasimama, akamtazama shemeji yake, kisha yale magunia.

"Mchanga ushuke," alisema Anyesi kutoka ndani.

Walimnyanyua Hana na godoro lake, wakamweka kwenye kivuli cha ukingo. Wakayatupa magunia nje moja baada ya jingine. Gari lililopungukiwa lilipanda ukingo kwa mngurumo mmoja, kana kwamba halikuwahi kukwama. Jua lilikuwa limeinama. Kuyarudisha magunia juu ya ukingo ule kungekula saa nyingine, na Elieza alikuwa ameishiwa nguvu, na Hana alikuwa ameacha kulia.

"Anyesi," alisema Sostenes, "niamue vipi?"

"Mimi sikuchagua springi hizi," alisema Anyesi. Halafu akamhurumia. "Twende. Tutamshika."

Kutoka pale mpaka mjini walikwenda tupu. Hakuna haja ya kuieleza njia ile. Anyesi alikaa sakafuni na Hana kifuani pake, Elieza akashika miguu, na Sostenes, aliyekuwa na sikio moja bovu, alisikia yote kwa lile zima. Akipunguza mwendo, alikuwa anaula muda wa dada yake. Akiongeza, alikuwa anaupiga mwili wake. Alipunguza, akaongeza, akapunguza. Mahali fulani karibu na Hombolo Hana alipiga ukelele mmoja tofauti na yote, kisha akatulia, na Anyesi akasema, "Sasa kimbiza. Usiangalie mashimo."

Daktari alimpasua jioni ile. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekufa. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka, akautoa ili damu isimame. Hana aliishi.

Baada ya siku kadhaa Sostenes alimsubiri daktari uani, kofia mkononi, akamuuliza kama ni mtikiso wa gari ndio uliompasua. Daktari alikuwa Mwingereza kijana, amechoka. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba hajui. Huenda ni mtikiso. Huenda ni kuchelewa. Huenda lingetokea hata kama angebebwa kwenye machela ya hariri, kwa kuwa alikuwa amesukuma siku nyingi mno. Sostenes alimshukuru. Lingekuwa jibu la ndiyo au hapana, angelipeleka nyumbani akalala nalo. Hili hakujua aliweke wapi.

Watu wa mjini walidhani atazifungua zile springi. Dhirajlal mwenyewe alimwambia, "Kama unataka, tutafute nyingine. Sitakulaumu." Lakini juma lililofuata Sostenes alipakia magunia manane, akavuka korongo, akapita katikati ya magunia ya mchanga waliyoyatupa, yaliyokuwa bado yamelala pale, akafika Chihembe na kushusha mahindi. Wanawake walipokea, wakaondoka. Aliendelea hivyo mpaka mvua iliporudi na uwele ukavunwa. Anyesi alisafiri naye kila safari. Mgongo wake haukupona sawasawa, na baada ya mavuno alihamishiwa kazi ya wodini, ambako hakulazimika kuinama sana.

Elieza alikaa na Hana mwaka mmoja na nusu. Ndugu zake walimzunguka kwa maneno, kwamba mwanamke asiye na kizazi ni nyumba isiyo na mlango, na mwishowe akaoa mwingine. Hakumfukuza Hana, alisema akae, wataishi wote. Hana hakukaa. Alibeba mkeka na chungu chake, akafika Kikuyu kwa kaka yake, na Emilia akampa chumba cha nyuma.

Aliishi pale miaka yote iliyobaki ya Waingereza na mingine baada yake. Aliuza karanga za kukaanga karibu na stesheni. Kwa kaka yake alikuwa mwema: alimpikia mlenda anavyoupenda, alimfulia shati. Lakini hakupanda tena gari lolote alilokuwa akiliendesha yeye, hata siku za mazishi huko nyumbani. Alitembea, au alingoja basi.

Sostenes alivumilia kwa muda mrefu. Siku moja ya Jumapili, wakiwa wamekaa uani wanachambua mbegu, alimwambia, "Dada, nilipokuwa Kongwa zilikuwapo mbili. Zilikuwapo nyingine laini."

"Ninajua. Anyesi aliniambia hospitalini."

"Hukuwahi kuniuliza."

Hana aliendelea kuchambua. "Mahindi yale na mimi niliyala," alisema. "Mama mkwe wangu aliyala. Watoto wa jirani, wote wanne, wako hai, mkubwa ameoa juzi. Ningekuwa mimi kule Kongwa, ningebeba hizo hizo nzito." Alipuliza makapi kutoka kiganjani. "Lakini usiniulize tena, kaka. Nikilisema mara ya pili sitaweza kulisema vizuri."

Hakumuuliza tena. Waliendelea na kazi mpaka mbegu zilipokwisha, kisha Hana akaingia ndani kuwasha moto.